KONA YA MTANDAO: Tovuti imezimika. Je, akaunti ni ya nani?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo limeletwa na vikundi zaidi ya kimoja: tovuti yetu haifunguki, tumeiandikia kampuni inayoihifadhi, na kampuni ni kama haitusikii. Tufanye nini?

Kuna watakaosema, mkimbizi na tovuti wapi na wapi? Lakini hebu hesabuni. Kwaya zina tovuti, akina mama wa cherehani wana ukurasa wa kuonyesha nguo, vijana waliomaliza sekondari wana wao. Na kuna umoja wa familia. Mazungumzo ya kikundi cha WhatsApp yanaweza kupotea simu ikipotea, lakini ukurasa wa tovuti unabaki pale pale, mtu akifika Kanada au Australia anaufungua na kujua nani amezaliwa, nani ameolewa, nani amezikwa wapi. Basi siku ukizimika, siyo mchezo.

Tutawaeleza habari ya umoja mmoja, jina tunaliacha. Ni familia zilizotoka kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini. Ukurasa wao ulikuwa na picha za wazee waliofia hapa kambini, na majina ya waliotawanyika (majina tu, bila namba za simu wala mahali pa kulala, na hapo walifanya vizuri sana, kwa sababu si kila anayesoma ni rafiki). Mama mmoja picha pekee ya marehemu mume wake ilikuwa humo. Ile ya karatasi iliharibika siku paa la hema lilipovuja masika. Ukurasa ulipozimika, mama yule alikuja ofisini kwetu mara tatu kwa wiki kuuliza kama umerudi.

KWANZA, IMEZIMIKA KWELI?

Kabla ya kulaumu kampuni, jaribuni kwa mtandao mwingine wa simu. Kisha mwombeni mtu aliyeko nchi nyingine aifungue. Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilivyokwama Tanzania na nchi jirani. Siku ile nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Tovuti nyingi zilizokuwa hazifunguki huku zilikuwa nzima kabisa kule zilikohifadhiwa, ni barabara ya kuzifikia ndiyo iliyokatika. Ukiiandikia kampuni siku kama hiyo watakujibu kwamba kwao kila kitu kinafanya kazi, na watakuwa wanasema kweli.

Kama hata aliyeko mbali haioni, soma maneno yanayotokea kwenye skrini, yanasema mengi. Namba 404 maana yake seva ipo, lakini ukurasa ule haupo mahali pake. Namba 500 ni hitilafu ndani ya seva au ndani ya programu ya tovuti yenyewe. 503 ni kwamba huduma haipatikani kwa sasa, mara nyingine imezidiwa au inatengenezwa. Simu ikisema haijui kabisa anwani hiyo, angalieni jina. Na mkikuta maneno kwamba akaunti imesimamishwa, hapo mara nyingi ni habari ya malipo, au tovuti imeingiliwa na wahuni wakawa wanatuma takataka kupitia humo.

Tukisema jina, tuelewane. Tovuti ni vitu vitatu. Kuna jina lake, ambalo ni kama namba ya nyumba yako hapa kambini. Kuna seva, ambayo ni nyumba yenyewe, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana mahali fulani. Halafu kuna mafaili, picha na maandishi, ambavyo ni vyombo vya ndani. Jina linaweza kuwa limenunuliwa kwa kampuni moja na seva imekodiwa kwa nyingine, nchi nyingine kabisa. Watu wengi wanamwandikia asiyehusika wiki mbili nzima! Kwa majina yanayoishia na .com, .org au .net, ingieni kwenye ukurasa wa ICANN Lookup, andikeni jina la tovuti, mtaona kampuni iliyoliuza na tarehe linapokwisha muda. Hakuna malipo.

KAMPUNI INAMJUA MTU MMOJA TU

Sasa turudi kwa ule umoja. Papa anayetunza fedha zao aliandika kwa kampuni, kwa Kifaransa kizuri, akaeleza vita, safari, na wazee waliofariki. Siku tatu baadaye jibu likaja, mistari miwili: tunaongea na mwenye akaunti peke yake. Akaandika tena kwa uchungu zaidi. Jibu likawa lile lile. Kijana mmoja fundi wa simu akamwambia, nipe elfu hamsini nitaiamsha. Papa alikaribia kutoa. Tulimwambia asitoe, kwa sababu fundi asiyekuwa na ruhusa ya kuingia kwenye akaunti hana anachoweza kufanya, awe hodari namna gani.

Mwenye akaunti alikuwa mpwa wake, ambaye ndiye aliyeitengeneza tovuti wakati akiwa hapa, kisha akaondoka na familia yake kwenda Kanada. Jina lake, barua pepe yake ya chuo, kadi yake ya benki. Akamaliza chuo, ile barua pepe akaacha kuifungua. Benki ikambadilishia kadi. Kampuni ikajaribu kukata pesa, ikashindwa, ikatuma ilani kwenye barua pepe isiyosomwa na mtu, mwisho ikafunga.

Sisi wakimbizi tunalijua jambo hili kuliko wengi. Mkuu wa familia akiondoka na jina lake likabaki juu ya kadi, waliobaki wanapanga mstari na kurudi mikono mitupu hadi karatasi zirekebishwe. Hata ulie namna gani, aliye dirishani anaangalia jina. Kampuni ya seva ni vivyo hivyo, na tukisema haki, ina sababu. Ingekuwa inamfungulia kila anayekuja na hadithi ya huzuni, mwizi angekuja na hadithi ya huzuni kuliko zote.

Kwa hiyo Papa alimpigia mpwa wake, usiku wa kule.

"Mjomba, shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba, lakini picha za wafu wetu zimefungiwa na ufunguo unao wewe."

Kijana hakujua lolote. Aliingia kwenye ile barua pepe ya zamani, akakuta ilani nne. Ndani ya mmoja wa ujumbe huo ilikuwa imeandikwa kwamba mafaili yatatunzwa siku 30 tangu kufungwa, kisha yatafutwa. Siku hiyo ilikuwa ya 24.

BARUA YENYEWE

Aliyeandika barua iliyofungua mlango ni yule kijana, akitumia maneno tuliyoyapanga pamoja kwa simu. Tunayaweka hapa kwa Kiswahili, nanyi mtayageuza kwa lugha ya kampuni yenu:

"Mimi ni mwenye akaunti. Namba ya mteja ni hii. Jina la tovuti ni hili. Tangu tarehe 3, 20:00, saa za UTC+3, tovuti haifunguki. Tumejaribu kwa mitandao miwili ya simu Tanzania na mmoja wa Kanada, kote tunaona maneno haya (yanakiliwa neno kwa neno, na picha ya skrini inaambatanishwa). Hatujabadilisha kitu chochote kwenye tovuti mwezi huu. Naomba majibu mawili. Je, akaunti imefungwa, na kwa sababu gani? Je, mafaili yetu bado yapo, na mtayatunza hadi tarehe gani?"

Swali la mwisho ndilo kubwa. Tovuti kuzimwa siku kumi kunaumiza, lakini mafaili yakifutwa hakuna wa kumlilia. Liulizeni siku ya kwanza, na mkijibiwa tarehe, andikeni ukutani.

Angalieni na habari ya saa. Ukiandika "saa mbili usiku", programu ya kutafsiri inaweza kumwambia mtu wa Ulaya ni saa nane za usiku kwa hesabu yetu, naye ataenda kutafuta kosa kwenye kumbukumbu za wakati ambao tovuti ilikuwa nzima. Andika 20:00. Na useme ni saa za wapi, maana Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3, lakini Burundi, Rwanda na upande wetu wa Kongo ni UTC+2, saa moja nyuma.

Maneno ya uchungu yapunguzeni. Hatusemi uchungu haupo. Ila anayesoma ni kijana mwenye barua nyingi mezani, naye anatafuta sehemu ambayo anaweza kuifanyia kazi. "Tovuti imekufa na sisi tunateseka" haimpi pa kuanzia. Na siku hizi wa kwanza kukujibu mara nyingi siyo mtu, ni roboti. Mwandikieni kwa kifupi kwamba mnataka kuongea na mfanyakazi, rudieni hadi awapitishe. Kisha huyo wa kwanza naye huwa anasoma majibu yaliyoandaliwa: zima simu uwashe, futa kumbukumbu za kivinjari. Fanyeni anachosema, mwambieni mmefanya na matokeo ni yale yale, halafu ombeni kwa heshima suala lipelekwe kwa mafundi wa ngazi ya juu.

Wakiwapa namba ya tiketi, jibuni ndani ya tiketi hiyo hiyo. Kuna wanaofungua tiketi mpya kila asubuhi wakifikiri wanaharakisha, kumbe kila moja inaangukia kwa mtu mwingine anayeanza kuuliza upya. Sisi huku chati ya moja kwa moja hatuipendi sana. Inakula bando, mtandao ukikatika kidogo inafungwa, na ukirudi unakutana na mtu mpya. Andikeni ujumbe wote kwanza kwenye simu bila intaneti, muusome mara mbili, ndipo muwashe data na kutuma kwa barua pepe au tiketi.

Wengine wanauliza habari ya fidia, kwa sababu kampuni zinatangaza kwamba tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya wakati. Fanyeni hesabu: mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwa hiyo wamejiachia dakika 43 hivi za kuzimika kila mwezi bila kuvunja ahadi. Wakizidisha, mara nyingi mkataba unawapa punguzo kwenye bili, basi. Msipoteze nguvu hapo.

Kijana wa Kanada alilipa deni kwa kadi mpya, akatuma picha ya kitambulisho chake walipomtaka kuthibitisha jina, na siku ya 27 tovuti ikafunguka. Picha ya marehemu ilikuwepo. Tuliichapisha siku hiyo hiyo, nakala mbili, na mama akaondoka nazo ndani ya plastiki.

JINA LINAPOKWISHA MUDA

Hii ni tofauti na seva, na ina kalenda yake. Kwa .com, .org na .net, aliyeuza jina anatakiwa kukumbusha kama mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, tena kama wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Ukumbusho huo unakwenda, mmeshajua, kwenye barua pepe ya mwenye akaunti. Baada ya hapo kampuni nyingi zinaacha nafasi ya kulipia kwa bei ya kawaida, lakini urefu wake unategemea kampuni na haizidi siku 45. Jina likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa, na hapo bei inapanda sana. Halafu siku 5, na baada ya hizo jina ni la yeyote atakayewahi. Majina yenye watembeleaji yanawindwa. Msije mkakuta ukurasa wa salamu za familia umegeuka wa kamari! Majina ya nchi, kama .tz au .ke, yana kanuni zake, ulizeni kwa aliyewauzia.

Tahadhari: wako matapeli wanaotuma barua zinazofanana kabisa na bili, eti jina lako linakwisha, lipa leo kwenye kiungo hiki. Msibonyeze. Ingieni wenyewe kwenye ukurasa wa kampuni yenu mtazame tarehe. Na mtu yeyote akijiita wa huduma kwa wateja kisha akataka neno lenu la siri, au ile namba ya kuthibitisha iliyoingia kwenye simu, huyo ni mwizi. Picha za karatasi zetu za ukimbizi msizitume kwa WhatsApp kwa mtu wa namna hiyo, hata kama anaongea kwa upole.

NAKALA IKAE WAPI?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la kampuni kubwa ya OVHcloud liliwaka moto mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, na la jirani likaungua sehemu. Mtu hakufa. Lakini tovuti kama milioni 3.6 zilizimika, hata ya jumba la sanaa la Centre Pompidou la Paris. Wengine walirudi baada ya siku chache. Wengine walikuta nakala zao za akiba zilikuwa Strasbourg humo humo, zikaungua pamoja na mali yenyewe. Huduma kwa wateja ingekuwa nzuri namna gani, majivu hayarudishwi.

Kwa hiyo kampuni ikiwaambia inatunza nakala, ulizeni iko mji gani. Kisha tunzeni yenu. Tovuti ndogo ya familia inaweza kuingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Shusheni nakala kila mwezi, moja ikae na katibu, nyingine itumwe kwa ndugu aliye nchi nyingine. Picha muhimu zichapisheni.

Na kama hamkuwa na nakala na mafaili yameshafutwa? Jaribuni Wayback Machine ya Internet Archive ya San Francisco, ambayo imefunguliwa kwa watu wote tangu 2001. Inapita ikipiga picha kurasa za dunia. Andikeni anwani ya tovuti, mtazame kama ilipita kwenu. Mara nyingi maandishi yanapatikana na picha zinakosekana, lakini nusu ni bora. Zamani watu walitegemea nakala ya Google iliyokuwa chini ya matokeo ya kutafuta, lakini Google iliiondoa mwaka 2024.

KABLA HAIJAZIMIKA

Wiki hii, vikundi vyenye tovuti viitane vijiulize: akaunti iko kwa jina la nani, barua pepe gani, kadi ya nani, na namba ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya nani? Mkikuta yote ni ya mtu mmoja aliye kwenye orodha ya kuondoka, fanyeni mabadiliko akiwa bado hapa, msisubiri ndege. Barua pepe iwe ya kikundi, inayofunguliwa na watu wawili. Zile namba za akiba ambazo akaunti inatoa kwa siku simu ikipotea, zichapisheni na kuzificha pamoja na muhuri wa kikundi.

Jina la mwenye akaunti liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye karatasi anayoishika. Mnajua wenyewe tulivyoandikwa, kadi moja inasema Mukendi, cheti cha shule kinasema Mkendi. Kwetu ni mtu yule yule, kwa kampuni ni watu wawili.

Kuhusu kulipa: kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hazipokei pesa za simu, zinataka kadi ya benki. Za hapa Afrika Mashariki zipo zinazopokea, na kwa kikundi kisichokuwa na ndugu wa uhakika ng'ambo, hiyo inaweza kuwa sababu ya kutosha ya kuhamia huko. Ulizeni bei za mwaka mzima, siyo ile ya miezi ya kwanza inayotangazwa kwa herufi kubwa.

Wenye tovuti iliyofungwa sasa hivi waje Jumanne au Alhamisi mchana, betri ya sola inapokuwa imejaa. Leteni ujumbe wowote wa kampuni mlio nao, hata ule ambao mlidhani hauna maana, na kama mwenye akaunti yuko ng'ambo, mwambieni abaki karibu na simu. Mwezi ujao tutaongelea namna ya kuskani vyeti vya shule kwa simu ili visomeke.